Maziwa ya Nello

Cho, cho, cho. Kimya. Cho, cho, cho. Kimya tena.

Isolina aliisikiliza sauti hiyo gizani. Ilikuwa sauti ya mdomo wa mwanawe, Nello, akinyonya. Kulikuwa hakujapambazuka. Mumewe, Oreste, alikuwa bado amelala, ameugeukia ukuta. Binti yao, Fiorella, alikuwa amejikunja miguuni mwao kama paka. Nyumba nzima ilinyamaza, na katikati ya kimya hicho mdomo mdogo ulifanya kazi. Ulivuta, ukaacha. Ulivuta, ukaacha.

Kisha Nello aliliachia ziwa. Akatoa kilio chembamba, kilio cha mtu aliyechoka kulalamika.

"Haya, baba, haya," Isolina alimnong'oneza. Akamhamishia upande wa pili. Upande wa pili nao ulikuwa umelegea, kama mfuko uliokwisha kumwagwa.

Jikoni mtu alikuwa akipuliza makaa. Alikuwa mama mkwe wake, Argia. Mama huyo huamka kabla ya jogoo.

"Analia tena?" Argia aliuliza kupitia ukuta.

"Analia, Mama."

"Ni upepo wa tumbo. Namchemshia maua yake na sukari kidogo. Akinywa hayo atalala kama askofu."

Isolina aliona hata kujibu kunahitaji nguvu. Aliegemeza kichwa chake kwenye mbao za kitanda, akafumba macho, akangoja chai ya maua.

Kulipopambazuka walikaa mezani. Oreste alichovya mkate katika bakuli la kahawa ya shayiri yenye maziwa. Fiorella, mwenye miaka mitano, alichovya wake mpaka vidole vikalowa. Isolina alikata kipande cha mkate mkavu. Akajimiminia maji.

"Chovya basi hata kwenye bakuli langu," Oreste alisema.

"Niache."

"Mimi pia niko Kwaresima. Nyama siigusi. Hata Padri haigusi. Lakini sijamwona Padri akiishi kwa maji kama chura."

Fiorella alicheka. Isolina hakucheka.

"Padri hakuweka nadhiri ya kufunga hivi," alisema. "Mimi niliweka."

"Na aliiweka kwa ajili yako," Argia alidakia kutoka mekoni. "Likumbuke hilo, mwanangu, kila unapopanda ngazi kwenye mapaa ya watu."

Oreste alisukuma bakuli lake. Alichukua kofia.

"Mimi sikumwomba mtu aninunue kwa njaa yake," alisema.

Akatoka. Walimsikia akishuka ngazi, mguu wake wa kushoto ukiburuta.

Mguu huo uliumia vuli iliyopita. Oreste ni fundi wa kuezeka vigae. Siku moja ya mvua aliteleza, akaanguka kutoka paani mpaka uani. Akalala siku nyingi bila kumtambua mtu. Daktari alikuja, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Siku hizo Isolina alikuwa na mimba ya Nello. Aliupanda mlima mpaka kanisa la Mtakatifu Dominiko, mahali kinapotunzwa kichwa cha Mtakatifu Katerina wa Siena. Watu wa mtaa wa Fontebranda, hapo hapo Siena, humtaja Katerina kama jirani. Alizaliwa mtaani kwao miaka mamia iliyopita, binti wa mtia rangi nguo. Nyumba yao iko kwenye mteremko uleule ambao wanawake wa leo huupanda na ndoo zao. Tangu akiwa mdogo Isolina alisikia habari zake. Katerina aliacha nyama. Akaacha divai. Akabaki na mkate, maji na mboga chungu, na mwisho akawa karibu hagusi chakula chochote.

Kwa hiyo Isolina alipiga magoti pale, tumbo likimlemea.

"Katerina," alisema, "mwinue mume wangu. Kwaresima ijayo nitakula kama ulivyokula wewe. Mkate, maji na mboga chungu, mpaka siku ya sikukuu yako."

Oreste alifumbua macho. Baadaye, katika baridi kali, Nello alizaliwa, mnene, mwenye sauti ya kengele. Kisha Kwaresima ikafika, na Isolina akaanza kuitimiza nadhiri yake.

Siku ile Oreste alipotoka, baada ya kazi za nyumbani, Isolina alibeba shuka akaenda kwenye mabwawa ya kufulia. Nello alimwacha kwa Argia. Wanawake walikuwa wameshajipanga kando ya maji. Maji yalikuwa ya baridi, yanang'ata vidole.

"Mpisheni mtakatifu!" alisema Ermelinda, jirani yao, mwanamke mwenye kifua kipana na mdomo usiolala. "Mnauona mkono huo? Umebaki fimbo. Sisi tunafunga mdomo, yeye anafunga na tumbo."

"Wewe hata mdomo hujaufunga," mwenzake alimjibu. Wakacheka.

"Isolina," Ermelinda aliendelea, "ukifika mbinguni utatukumbuka, au utajifanya hutujui?"

Isolina alitabasamu. Maneno ya aina hiyo yalimfurahisha kidogo, na kila yalipomfurahisha aliona haya. Aliinama, akaizamisha shuka. Ilipolowa ikawa nzito kama mtu. Aliivuta. Haikuja. Aliivuta tena, na mara mbele ya macho yake kukawa na vidoti vyeusi. Sauti za wanawake zikaenda mbali. Alilishika jiwe la kufulia kwa mikono miwili ili asitumbukie.

"Mkalisheni chini. Mkalisheni, nimesema!"

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa ya Bi Settimia, mkunga wa mtaa, aliyekuwa akipita na mkoba wake. Nusu ya watoto wa Fontebranda walianza kuiona dunia mikononi mwake. Alimshika Isolina kidevu, akamtazama machoni.

"Umenyonyesha saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Alfajiri! Sasa tunakaribia mchana. Mtoto hadai?"

"Amelala, Bi Settimia. Siku hizi analala vizuri."

Mkunga alikaza midomo.

"Twende nikamwone huyo anayelala vizuri," alisema. "Ermelinda, mdomo umeshafanya kazi ya kutosha leo. Sasa ipe mikono. Mkamulie shuka zake."

Argia aliwapokea mlangoni, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Karibu, Bi Settimia. Umekuja kumsalimia bwana mkubwa? Hasumbui kabisa siku hizi. Ametulia kama mtawa."

Bi Settimia alimtoa Nello kitandani, akamlaza mezani karibu na dirisha, akamfungua nguo. Aligusa utosi wake kwa kidole. Ulikuwa umebonyea. Aliifinya taratibu ngozi ya tumbo, na ngozi ikachelewa kurudi. Akashika kitambaa kilichomfunga matako.

"Hiki amefungwa lini?"

"Alfajiri," Isolina alisema.

"Mbona kikavu?"

Bi Settimia alitoa mkobani mizani yake ya ndoano. Alimfunga Nello ndani ya kitambaa, akamning'iniza. Mshale wa mizani ulisogea kidogo tu, ukasimama.

"Isolina," alisema kwa upole, "siku alipozaliwa mtoto huyu alikuwa mzito kuliko alivyo leo."

Isolina alikaa kwenye benchi.

"Lakini siku hizi halii sana," alisema.

"Sikiliza. Mtoto mwenye njaa hulia. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu hunyamaza, maana kulia ni kazi na yeye hana nguvu za kazi. Huu siyo utulivu, mwanangu. Ni uchovu. Mmekuwa mkimpa nini?"

"Ziwa," alisema Isolina.

"Na maua yaliyochemshwa," alisema Argia. "Na sukari. Wote tumelelewa hivyo."

"Mara ngapi?"

"Akilia."

Bi Settimia alivuta kiti, akakaa. Alionekana mchovu naye, mwanamke wa makamo aliyekuwa amekesha kwenye uzazi wa mtu.

"Basi nitawaeleza, halafu mnitukane mkitaka," alisema. "Mwili wa mama hutengeneza maziwa kadiri mtoto anavyoyanyonya. Akinyonya sana, yanakuja mengi. Mkimjaza tumbo kwa maji ya maua, hanyonyi. Asiponyonya, mwili unadhani maziwa hayatakiwi, unapunguza. Hilo la kwanza. La pili ni wewe, Isolina. Umekula nini leo?"

"Mkate."

"Na nini?"

"Na maji."

"Jana?"

"Mkate. Na mboga za mchunga."

"Ana nadhiri kwa Katerina," Argia alisema haraka. "Ndiyo iliyomwinua Oreste. Ilikuwa nadhiri hiyo, Bi Settimia, daktari alikuwa ameshatikisa kichwa. Sasa aivunje? Na mwanangu yuko juu ya mapaa kila siku ya Mungu? Nani atamshikilia huko juu?"

Kumbe na Argia alikuwa na hofu ileile. Isolina hakuwahi kuisikia ikitamkwa. Aliibeba mwenyewe tangu Jumatano ya Majivu: kila tonge atakalokula, Oreste atateleza. Kila asubuhi alipochukua mkate mkavu, aliona kama anashika ngazi ya mumewe isianguke. Na usiku akimsikia Nello akivuta ziwa tupu, alijua kwamba mkono wake mwingine umeachia kitu. Hakuwa na mkono wa tatu.

"Mama Argia," Bi Settimia alisema, "Oreste ulimnyonyesha mwenyewe?"

"Nani mwingine angemnyonyesha?"

"Ulikuwa unakula nini?"

Argia aliishusha sauti.

"Mama mkwe wangu alinichinjia kuku," alisema. "Ndiyo desturi. Nilikunywa mchuzi wake. Walipokwisha kuku wetu, akaomba kwa dada yake."

"Alikuwa na roho nzuri."

"Alikuwa mkali kama siki," Argia alisema. "Lakini mchuzi alinipa."

Akageuka, akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

Bi Settimia alimgeukia Isolina. "Wewe unazijua habari za Katerina kuliko mimi. Basi nambie, mama yake alikuwa nani?"

"Lapa."

"Lapa. Huyo hakuna anayempigia magoti. Katerina alizaliwa pacha. Lapa hakuweza kuwanyonyesha wote wawili, kwa hiyo mmoja akapelekwa kwa mnyonyeshaji wa kulipwa. Akafa. Katerina akabaki kifuani mwa mama yake. Na wanasema kati ya watoto wote wa Lapa, na alikuwa nao kundi zima, Katerina ndiye pekee aliyemnyonyesha mpaka mwisho. Wale wengine aliwaachisha mapema, maana kila mara mimba nyingine ilikuwa njiani. Sasa, sijui Lapa alikula nini siku hizo. Haikuandikwa, nami sikuwepo. Lakini mimi ni mkunga. Nakwambia maziwa hayatoki hewani. Kabla hajawa mtakatifu, Katerina alikuwa mtoto aliyeshiba."

Isolina alimtazama mwanawe. Nello alikuwa macho. Alikuwa akitazama dirisha kwa macho makubwa ya kizee.

"Na Oreste je?" alisema taratibu. "Nikila, halafu akianguka?"

"Hilo siwezi kulipima kwa mizani yangu. Mwulize Padri. Lakini mwulize leo, usingoje Jumapili. Nello hana Jumapili nyingi za kungojea."

Padri Fosco alikuwa sakristiani, chumba kilicho kando ya altare, ameketi, kiatu kimoja kimevuliwa. Kwaresima ilikuwa imemchosha. Tangu asubuhi alikuwa akisikia maungamo.

"Keti, binti," alisema. "Samahani kwa mguu. Jongo halijui liturujia."

Isolina alimweleza yote. Alieleza akiwa amesimama, Nello amefungwa kifuani. Aliogopa kwamba akikaa hatainuka tena. Alipomaliza, Padri aliuliza jambo ambalo Isolina hakulitegemea.

"Ulipoweka nadhiri, ulimtolea Katerina nini?"

"Chakula changu."

"Chakula chako ni chako, unaweza kukitoa. Lakini mtoto alipozaliwa, chakula chako kikawa na mwenyewe wa pili. Maziwa ni ya Nello. Umemtolea mtakatifu mali ya mtu, binti yangu. Na huyo mtu hakuulizwa."

Isolina alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu, kana kwamba yamechoka kungoja.

"Nilitaka kuwa kama yeye," alisema.

"Wengi tunataka. Tunachagua lile jambo lake moja linalotisha, yale mengine tunayaacha. Wewe unakumbuka kwamba hakula. Hukumbuki kwamba aliwalisha wengine? Alichukua mkate na divai ya nyumbani kwao akawapelekea maskini, na baba yake akawaambia watu wa nyumbani wamwache. Aliwaosha wagonjwa ambao ndugu zao wenyewe waliwakimbia. Tauni ilipoingia mjini hakutoka. Na kufunga kule kulimwumiza. Watu waliompenda walimbembeleza ale. Alikufa akiwa na miaka thelathini na mitatu, amekwisha kabisa. Yeye mwenyewe aliwaonya wengine wasifunge kupita nguvu zao. Kanisa halimdai mama anayenyonyesha afunge. Halijawahi kukudai. Ulijidai mwenyewe."

"Na Oreste, Padri?"

Padri aliutazama mguu wake uliovimba.

"Unadhani Mungu amemshikilia mumeo kwa kamba ya njaa yako? Kwamba ukila yai, Yeye anaachia?"

Ndivyo hasa Isolina alivyodhani.

"Nadhiri nzuri inaweza kubadilishwa kwa jambo jingine jema," Padri aliendelea. "Ya kwako naibadilisha hivi. Kila Ijumaa mpaka sikukuu ya Katerina, pika chungu cha supu, umpelekee mtu wa mtaa wako asiye na wa kumpikia. Lakini wewe ule kwanza, kutoka chungu hichohicho. Umenielewa? Kwanza wewe."

"Kwanza mimi," Isolina alisema. Maneno hayo yalikaa vibaya mdomoni mwake, kama kiatu cha mtu mwingine.

Jioni Isolina aliweka sufuria mekoni. Maharage, kabichi ya majani meusi, mkate wa jana, mafuta ya zeituni juu. Argia alikaa pembeni akimenya kitunguu. Isolina alijipakulia bakuli. Harufu ilimpanda puani.

Kijiko cha kwanza kilimshinda kumeza. Alikizungusha mdomoni kwanza. Kisha akameza. Akangoja, kama mtu anayengoja radi baada ya kuona umeme.

Hakuna kilichotokea. Akala kijiko cha pili.

Lakini Oreste alikuwa hajarudi. Saa yake ya kurudi ilikuwa imepita. Kengele ya jioni ilipigwa juu mlimani, naye hayupo. Fiorella alienda dirishani, akarudi.

"Baba bado."

Kijiko kilisimama hewani. Isolina na Argia walitazamana. Hawakuwahi kutazamana hivyo tangu Isolina aolewe. Argia alikuwa mweupe kama chokaa.

"Nilikwambia," Argia alinong'ona. "Nilikwambia mimi."

Isolina alikisukuma kiti chake nyuma. Alikuwa ameshasimama, mkono kwenye shali, waliposikia mguu unaburuta ngazini. Mmoja unapanda, mwingine unaburuta. Mlango ukafunguliwa.

"Ulikuwa wapi?" Argia alimpigia kelele. "Mjinga wewe! Ulikuwa wapi?"

"Kwa fundi wa mkokoteni. Gurudumu limevunjika. Mama, vipi, kuna nini?" Oreste aliwatazama wote. Kisha akaliona bakuli, na kijiko, na mchuzi kidevuni mwa mkewe. Alivua kofia polepole.

"Unakula," alisema.

"Padri ameibadilisha nadhiri," Isolina alisema. "Oreste, Nello amepungua. Alikuwa anakonda mikononi mwangu na mimi namwona mtulivu."

Oreste alikaa kando yake. Mikono yake ilikuwa na vumbi jekundu la vigae. Alikata mkate, akautia kwenye bakuli la mkewe, akaukandamiza kwa kijiko mpaka ukalowa.

"Mimi naogopa kila siku nikiwa juu," alisema. "Sikukwambia. Lakini niliogopa zaidi kurudi hapa na kukuta umepungua tena. Kula."

Argia alijifuta macho kwa aproni. "Kitunguu," alisema, ingawa kitunguu alikuwa amekiweka chini zamani.

Mambo hayakutengemaa kwa siku moja. Ni vizuri kulisema hilo, kwa sababu akina mama wengi hukata tamaa mapema. Bi Settimia alikuja kila asubuhi. Alimwamuru Isolina amnyonyeshe Nello kila mara, mchana na usiku, hata kama maziwa ni kidogo. Ziwa moja, kisha la pili. Maji ya maua yaliondolewa mezani, na sukari ikafungiwa kabatini.

"Usitazame saa, mtazame mtoto," alisema. "Akitikisa kichwa kutafuta, mpe. Akinyonya mkono wake, mpe. Usingoje kilio. Msikilize koo. Akivuta bila kumeza, hapati. Ukimsikia anameza, anapata. Na vitambaa vikilowa kila mara, ujue mambo yanakwenda."

"Sina nguvu," Isolina alisema siku moja. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua inanyesha.

"Najua. Ndiyo maana huyu mama yupo." Bi Settimia akamwonyesha Argia. "Shuka zifuliwe na mwingine. Maji yachotwe na mwingine. Kazi zako ni mbili: kula na kunyonyesha. Na kulala anapolala."

"Hizo ni tatu," alisema Argia.

"Basi tatu. Umehesabu, sasa kafue."

Isolina alishangaa kuona Argia anafunga aproni na kwenda kufua. Alinung'unika njia nzima, lakini alikwenda. Siku iliyofuata kulikuwa na yai katika bakuli la Isolina. Hakuna aliyesema limetoka wapi. Kuku wao walikuwa wameacha kutaga, ila wa dada yake Argia walikuwa wanataga.

Kulikuwa na usiku ambao Isolina alinyonyesha huku analia kwa uchovu. Kulikuwa na asubuhi alipofikiri hakuna kinachobadilika. Siku moja kitambaa kililowa. Halafu vikalowa viwili. Oreste aliviinua juu kama bendera, akavizungusha jikoni, na Argia akampiga na mwiko.

Ijumaa ya kwanza Isolina alipika supu, akala bakuli lake, kisha akampelekea bibi kizee mmoja wa ghorofa ya juu, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Ijumaa ya pili Argia alisimama mlangoni.

"Leta chungu hicho," alisema. "Ngazi zile zitakumaliza, halafu nitalea watoto wawili na huyu kiwete peke yangu."

"Nadhiri ni yangu, Mama."

"Umepika wewe. Miguu ni yangu. Katerina hatachungulia ni miguu ya nani."

Bi Settimia alimpima Nello tena. Mshale ulisogea. Wiki nyingine ukasogea zaidi. Utosi ulijaa. Sauti ya kengele ilirudi, na majirani wakaanza kugonga ukuta wakimlalamikia. Isolina alikuwa bado mchovu. Lakini uchovu huu ulikuwa wa namna nyingine, wa mtu aliyefanya kazi na kazi ikaonekana.

Ikafika sikukuu ya Katerina, mwisho wa Aprili. Mtaa ulitundika bendera za kijani, nyeupe na nyekundu. Vijana walipiga ngoma. Watu walijaa kwenye mteremko, mbele ya nyumba ya mtia rangi nguo. Isolina alisimama kivulini na mumewe na Argia. Fiorella alikuwa amedai ambebe mdogo wake ili amwonyeshe wapiga ngoma, akapewa.

"Isolina!" Ermelinda alipasua umati kwa kifua chake. Alisema kwa sauti, na watu wakageuka. "Kumbe nasikia chungu kilirudi mekoni kabla hata ya Pasaka! Sisi tulikuwa tumeshakuandalia altare. Enhe, tuambie, Katerina amekubali, au hamsemeshani?"

Baadhi ya watu walicheka. Argia alishika kiuno. Oreste alifungua mdomo.

Isolina alimgusa mkono anyamaze. Alikuwa na mengi ya kusema: habari za Lapa, za maziwa, za mali ya mtu ambaye hakuulizwa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia. Ngoma zilikuwa zimesimama ili wapigaji wapumzike.

Fiorella alikuja akiyumba katikati ya watu, tumbo mbele, mgongo umepinda, Nello akimning'inia mikononi na miguu yake minene ikigonga magoti ya dada yake.

"Mama, mchukue Nello, ni mzito."